Kile kilima cha simba kifute: jibu kwa mchora ramani ya Waterloo

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Naishi Brussels. Mimi na wenzangu watatu tunacheza michezo ya vita ya enzi za Napoleon mezani, kwa vijisanamu vya milimita 6. Nimechora ramani ya Waterloo kwa skeli ya 1:3,000, meza yenyewe mita 2 kwa mita 1.4. Miinuko nimeitoa kwenye data za setilaiti, kontua (mistari ya vimo) kila mita 5, na wima nimeukuza mara tatu ili vilima vionekane. Shida ni kwamba kila tukicheza Mfaransa anamaliza kazi kabla ya saa kumi jioni, maana mizinga yake inaona kila kitu. Mwenzangu anasema kanuni zetu ni mbovu. Mimi nasema ramani haiwezi kukosea, imetoka setilaiti. Nani mkweli?"

Marahaba, mwanangu. Kanuni ziacheni kwanza, wala msigombane. Ramani yako ni sahihi, tena sahihi mno, ila ni ya ardhi ya mwaka huu. Wewe unataka ardhi ya Jumapili ya tarehe 18 Juni 1815, na ardhi ile sehemu yake haipo tena. Ilichimbwa, ikabebwa, ikarundikwa pembeni. Setilaiti inapima kilichobaki.

Nianze na rundo lenyewe, maana najua umelichora. Ukishuka pale leo, cha kwanza kukuingia machoni ni kilima chenye umbo la pia, simba wa chuma juu yake, na ngazi 226 za kukupeleka kileleni. Kilijengwa kwa amri ya Mfalme William wa Kwanza wa Uholanzi, ambaye Ubelgiji ilikuwa chini yake wakati huo, mahali panaposemekana mwanawe, Mwanamfalme wa Orange, alijeruhiwa. Kilikamilika mwaka 1826. Yaani siku ya vita pale hapakuwa na kilima chochote. Palikuwa na shamba.

Wengi hujua hilo na wanakifuta kilima, kisha wanadhani kazi imekwisha. Haijaisha. Jiulize udongo ulitoka wapi. Mimi ni mpima ardhi kwa kazi yangu ya mkate, kwa hiyo swali hilo hunijia kabla ya mengine yote. Kitako cha kilima kina mzunguko wa mita 520 hivi, na kimo chake ni mita 40 na ushee. Ujazo wa pia ni theluthi ya eneo la kitako mara kimo, kwa hiyo unapata karibu mita za ujazo 300,000. Zote hizo zilichotwa kwenye uwanja uleule, sehemu kubwa kwenye mgongo wa ardhi ambao Wellington, jemadari wa Waingereza na washirika wao, aliuchagua ili ajifiche nyuma yake. Utandaze udongo huo, tuseme, kwenye hekta 15, unapata tabaka la mita 2 kamili. Bandu bandu huisha gogo: mgongo uliokuwa na ukingo unaoeleweka, katikati ya safu ya Waingereza, umeshushwa na kulainishwa. Kwenye data yako unaonekana kama mteremko wa kawaida usio na tabu.

Ushahidi upo palepale, tena wa kuupanda kwa miguu. Karibu na njia panda ya barabara za Charleroi na Ohain, kando ya ile ya Charleroi, kuna nguzo ya ukumbusho wa Alexander Gordon, msaidizi wa Wellington aliyekufa kwa majeraha ya siku ile. Familia yake iliisimamisha mwaka 1817, miaka kadhaa kabla wachimbaji hawajaja. Walipokuja hawakuigusa, wakachimba kuizunguka. Sasa imebaki juu ya kichuguu, na ili uifikie lazima upande ngazi. Ardhi iliyo miguuni pa nguzo ile ndiyo ardhi ya 1815.

Nisijifanye mjuzi wa kuzaliwa. Ramani yangu ya kwanza ya Waterloo niliichora kama wewe, na kilima nikakiacha, nikijiambia ni pambo tu. Mchezaji aliyekuwa upande wa Wellington hakusema neno. Zamu ya kwanza akapandisha mizinga yake sita kileleni, akaanza kupiga hadi La Belle Alliance, nyumba ya wageni upande wa Wafaransa, na saa sita mchana vita vilikuwa vimekwisha. Nilichekwa mwaka mzima.

Sasa tuje kwenye malalamiko yako yenyewe, kwamba mizinga inaona kila kitu. Hapa kuna makosa mawili yanayosaidiana.

La kwanza ni kontua za mita 5. Uwanja wa Waterloo si wa milima. Kutoka bonde lililo katikati hadi juu ya mgongo ni mita 15, pengine 20, kulingana na unapopima. Kwa kontua zako hiyo ni mistari mitatu au minne tu, na chochote kilicho kati ya mstari na mstari umekisema ni laini. Lakini fikiria kimo cha mtu: askari wa miguu ana mita 1.7, na kofia yake labda zinafika 2. Aliye juu ya farasi ana mita 2.5 hivi. Mkunjo wa ardhi wenye kina cha mita 3 unameza batalioni nzima iliyosimama, farasi wa maofisa wakiwemo, na kontua zako zinaupita bila hata kujikwaa. Kwa mchora ramani wa barabara, mita 3 si kitu. Kwa askari anayepigwa na mizinga ni uhai. Wembamba wa reli, lakini treni hupita.

Na Waterloo imejaa mikunjo hiyo. Wellington aliwaweka watu wake wengi upande wa nyuma wa mgongo, mara nyingi akiwaamuru walale chini. Mfaransa aliyekuwa upande wa pili aliona ukingo, mizinga michache, wapiga risasi waliotawanyika mbele, na basi. Mizinga yake mikubwa, 80 hivi kwa pamoja, ilipangwa kwenye ukingo mdogo ulio katikati ya migongo miwili, mita 600 na ushee kutoka safu ya Waingereza. Angalia kama ukingo huo unaonekana kwenye ramani yako. Kama hauonekani, mizinga mikubwa umeiweka bondeni au umeirudisha nyuma sana, na hesabu zote za masafa zimeharibika.

Kosa la pili halimo kwenye ramani, limo kwenye vijisanamu. Skeli yako ya mlalo ni 1:3,000. Wima umeukuza mara tatu, kwa hiyo wima wako ni 1:1,000. Kijisanamu cha milimita 6 kikisimama juu ya ardhi hiyo, ni mtu wa mita 6. Askari wako ana kimo cha twiga! Usingeukuza wima, angekuwa na mita 18, yaani mnazi. Mtu wa mita 6 hawezi kujificha nyuma ya mkunjo wa mita 3 hata akipiga magoti. Kwa hiyo kama mnainama mezani, mnafumba jicho moja na kuuliza "huyu anamwona yule?", jibu litakuwa anamwona, kila mara, hata ramani ingechorwa na malaika.

Dawa yake si kununua vijisanamu vidogo zaidi. Acheni kuamua kwa macho. Juu ya meza chora mstari wa wino kufuata ukingo wa kila mgongo, uuite mstari wa ukingo, na mkubaliane: aliye nyuma ya mstari kwa zaidi ya upana wa kidole haonekani na aliye mbele yake, hadi huyo wa mbele afike kwenye mstari wenyewe. Kidole kimoja kwa skeli yako ni kama mita 45. Mizinga inaweza kupiga eneo la nyuma ya ukingo kwa kubahatisha, lakini kwa hasara ndogo. Mkifanya hili peke yake, kabla hata ya kusahihisha kontua moja, mtaona Mfaransa anahangaika inavyostahili.

Mstari wa ukingo uchore ukitumia ramani za zamani, usitumie data yako. Na una bahati, upo Brussels. Maktaba ya kifalme hapo ina nakala ya ramani kubwa ya Count de Ferraris, iliyopimwa kati ya 1770 na 1778 kwa ajili ya watawala wa Austria: karatasi 275 zilizochorwa kwa mkono, skeli 1:11,520. Imewekwa hata kwenye intaneti. Kwa mashamba, njia, wigo za miti, bustani na mipaka ya misitu, sijaona kitu kitamu kama hicho. Nakala ndogo iliyochapishwa, ya 1:86,400, na ramani zilizotokana nayo ndizo majenerali wa 1815 walizokuwa nazo mkononi. Hilo nalo la kufikiria: wewe leo unajua uwanja kuliko Napoleon alivyoujua asubuhi ile.

Ila Ferraris ana mitego yake. Miinuko hakuipima. Aliipaka kwa brashi, kivuli hapa na kivuli pale, kuonyesha kwamba ardhi inateremka, bila kusema inateremka kiasi gani. Tena alipima zaidi ya miaka 35 kabla ya vita. Na ukiilaza ramani yake juu ya ya kisasa hazikubaliani, hii inavuta huku, ile kule. Lazima uiwambe kama ngozi ya ngoma: chukua vitu visivyohama, njia panda za barabara kuu na majengo ya zamani kama La Haye Sainte, La Belle Alliance, Hougoumont, Papelotte, Le Caillou, uvipigilie misumari, kisha uvute sehemu zilizobaki taratibu zikae. Usitumie chini ya alama nane. Ukitumia tatu, kona moja itapendeza na nyingine itakuwa imehamia kijiji cha jirani.

Kwa vimo, mtegemee zaidi Craan, mpima ardhi wa Brabant aliyetoa mchoro wa uwanja mwaka 1816, wakati makaburi bado mabichi na simba hajafikiriwa. Kisha yupo William Siborne, na huyu nampenda kwa sababu alikuwa mbishi kama wewe. Ofisa huyu wa Kiingereza alipewa kazi ya kutengeneza mfano wa uwanja. Mwaka 1830 alikwenda kukaa La Haye Sainte kwa miezi kama minane, akipima kila tuta. Kisha akawaandikia maofisa walionusurika, mamia ya barua, akiwauliza kikosi chako kilisimama wapi, kwa umbo gani, na shamba mlilosimama lilikuwa na mazao gani. Swali hilo la mazao ndilo linalonifanya nimvulie kofia. Mfano wake wa 1:600, wenye vijisanamu zaidi ya 70,000, ulionyeshwa London mwaka 1838 na leo uko kwenye jumba la makumbusho la jeshi hukohuko. Ukiutazama kwa makini utaona wanajeshi wake nao ni wakubwa kuliko kipimo cha ardhi yao. Twiga si wako peke yako.

Lakini kumbuka alipima 1830. Udongo ulikuwa umekwisha chimbwa miaka minne kabla, na sehemu ile ya katikati ilibidi aijaze kwa kuuliza na kulinganisha. Kwa Hougoumont na mashariki mwamini zaidi. Kwa katikati mlinganishe na Craan.

Nimetaja mazao. Hapa ndipo ramani nyingi za mezani zinaponisikitisha, hata zile za kununua, zilizochapwa kwa karatasi inayong'aa. Shamba linapakwa kijani kibichi na kuitwa "eneo wazi". Juni, Ubelgiji, mashamba yale yalikuwa na rai, nafaka jamaa ya ngano lakini ndefu, na aina ya zamani ile ilimpita mtu kichwa. Siku mbili kabla, tarehe 16 huko Quatre Bras, njia panda iliyo kusini mwa Waterloo, wapanda farasi wa Kifaransa wenye mikuki waliwatokea Waskoti wa kikosi cha 42 kutoka ndani ya rai, karibu kiasi kwamba kujipanga mraba hakukuwahi vizuri. Ardhi pale kwa kontua zako ni wazi kabisa. Ila kwa askari ilikuwa kama kutembea ndani ya shamba la mahindi yaliyokomaa, unasikia kwato na huoni kitu.

Mazao hayadumu, nayo ndiyo raha ya kuyachora. Kikosi kikipita, yamelala. Mimi hutumia vipande vya zulia la manyoya, rangi ya manjano iliyofifia, navilaza mashambani mwanzoni mwa mchezo. Ndani ya kipande askari wa miguu haoni mbali zaidi ya bunduki ya gumegume inavyofika, mita 100. Kikosi kilichojipanga kikivuka, kipande kinaondolewa. Ikifika saa tisa mchana sehemu ya katikati imebaki uchi, na mchezo unabadilika wenyewe bila mtu kusoma kanuni.

Tope ni hivyohivyo. Mvua kubwa ilinyesha mchana wa tarehe 17 na usiku wake wote. Udongo wa pale ni tifutifu laini unaoshika maji na kung'ang'ania viatu. Mizinga ilikwama, vita havikuanza hadi karibu saa tano na nusu asubuhi, na risasi za mizinga ambazo kwenye ardhi kavu zingedunda na kuendelea kuua, nyingi zilizama palepale zilipotua. Hilo huwezi kulichora kwa kontua. Andika pembeni ya ramani: hadi saa nane mchana, mizinga inasogea nusu ya mwendo nje ya barabara za mawe, na risasi hazidundi. Barabara mbili tu ndizo zilizosakafiwa mawe hapo, ya Charleroi na ya Nivelles. Zipake rangi tofauti na vijia, maana siku ile tofauti yake ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya tambarare na mteremko.

Barabara ya Ohain, ile inayofuata ukingo wa mgongo, ina kesi yake. Victor Hugo, mwandishi wa riwaya wa Kifaransa, aliifanya korongo linalomeza wapanda farasi safu kwa safu, na tangu hapo kuna watu wanaoichora kama mtaro wa kuzuia vifaru. Msimfuate. Kwa sehemu fulani ilikuwa imezama kweli, na kingo zake pamoja na wigo wa miti zilikuwa kero kubwa kwa farasi na ngao nzuri kwa aliyejilaza ndani. Sehemu nyingine ilikuwa njia ya kawaida, unavuka bila kujua. Ichore vipande vipande: imezama, wigo, imezama, wazi. Ule mti wa elmi wa njia panda, alipokuwa akisimama Wellington, uweke, unasaidia kujielekeza. Ulikatwa mwaka 1818 na Mwingereza mmoja akaununua, na mbao zake zikatoa hata kiti cha mfalme.

Hougoumont sasa. Hapa nataka uchukue rula. Boma lote, yaani majengo, bustani yenye ukuta, shamba la matunda na msitu wa upande wa kusini, lilichukua kama nusu kilomita kila upande. Kwa skeli yako ni sentimita 17 hivi. Majengo peke yake, tukisema mita 60, ni sentimita 2. Lakini modeli za nyumba zinazouzwa kwa vijisanamu vya milimita 6 ni za 1:300. Kwa hiyo ua wa majengo tu utakula sentimita 20, zaidi ya boma zima na msitu wake. Ukiiweka hiyo mezani, umesogeza Hougoumont hadi karibu na La Haye Sainte, na ule mwanya kati yao, wa kilomita moja hivi, ambamo Ney, jemadari wa Napoleon, alipitisha maelfu ya wapanda farasi kuanzia saa kumi, umebaki kichochoro. Nyumba kata kwa karatasi kwa kipimo cha ardhi, hata kama zitaonekana kama vibiriti. Au weka modeli moja ndogo kabisa kuwa alama, na mpaka wa boma uuchore kwa wino.

Msitu ule wa kusini usiusahau. Leo haupo, ulitoweka miaka michache baada ya vita, na ukisimama upande wa Mfaransa sasa unauona ukuta wa bustani tangu mbali. Mwaka 1815 askari alipita msituni, akatoka kwenye ukingo wa miti, na hapo, hatua chache mbele yake, ndipo alipokutana na ukuta wa matofali wenye matundu ya bunduki. Ukiondoa msitu, mchezaji wa Kifaransa ataona ukuta kutoka zamu ya kwanza na atauletea mizinga, kama mtu yeyote mwenye akili. Kisha mtashangaa pamoja kwa nini Wafaransa wa kweli walikuwa wajinga. Hawakuwa wajinga. Hawakuona.

La Haye Sainte kuna jambo dogo ambalo kila mara hunifanya nicheke na kusikitika. Usiku ule wa mvua askari waliolala shambani walitafuta kuni, wakavunja mlango mkubwa wa ghala upande wa magharibi na kuuchoma. Kesho yake Meja Baring na Wajerumani wake waliopigana upande wa Waingereza, kama 400 mwanzoni, walipaswa kulinda boma lenye shimo badala ya mlango, na walilishikilia hadi risasi zilipowaishia, kama saa kumi na mbili jioni. Ramani inayozungushia ukuta pande zote inawapa Wajerumani wale zawadi ambayo hawakuwa nayo. Acha pengo la milimita moja upande wa magharibi. Na kuvuka barabara, weka shimo la mchanga ambamo Waingereza wenye bunduki za mtutu wenye mifereji ndani walijibanza.

Mashariki sitakaa sana. Papelotte, La Haye na Smohain ni nyumba, wigo na vijibonde vilivyochanganyikana, na ukilichora eneo lote kuwa "ardhi ngumu, mwendo nusu" hutakosea sana. Kazi ipo kule Lasne. Bonde la mto huo ni la kina, kuta zake ni kali, na Waprusia, washirika wa Wellington, walilivuka wakisukuma mizinga kwa mabega kwenye tope, hadi walipoanza kutokeza kwenye msitu wa palepale uitwao Paris kama saa kumi na nusu jioni. Meza yako ya mita 2 inaishia kabla ya bonde hilo, nami nisingeongeza meza. Ila ukingo wa mashariki wa meza umebeba bonde zima: saa za kuingia kwa Waprusia ndiyo ardhi yenyewe. Msiwaingize kwa kurusha dadu saa nane eti kuongeza msisimko, hapo mtakuwa mmejaza bonde la Lasne kifusi.

Nikuibie dakika moja nje ya mada. Ofisa wa Kiprusia aliyekaa ubavuni mwa Wellington siku ile kama kiungo aliitwa Müffling. Baadaye alishughulika na upimaji wa ramani za Rhineland, kazi iliyoanzishwa na Mfaransa Tranchot. Na mwaka 1824, Müffling akiwa mnadhimu mkuu wa jeshi la Prussia, Luteni von Reisswitz alimwonyesha mchezo wake wa vita uliochezwa juu ya ramani za 1:8,000. Müffling alianza akitazama kwa baridi, akaishia kusema huu si mchezo, ni mafunzo ya vita, na akaupendekeza kwa jeshi zima. Baba yake Reisswitz alikuwa ametengeneza toleo la awali, lenye vipande vya ardhi vya kupanga mezani, akampa mfalme mwaka 1812. Kilichomfikisha mwanawe kwa majenerali ni ramani iliyopimwa. Mtu aliyepima ardhi, akaona Waterloo kwa macho yake, ndiye aliyesema ndiyo.

Usije ukadhani Waterloo ndiyo yenye balaa peke yake. Ukihamia Austerlitz, uwanja mwingine wa Napoleon, madimbwi ya Satschan, ambamo taarifa ya Napoleon ilidai Warusi 20,000 walizama, yalikaushwa, na kwenye data za leo ni mashamba. Yalipokaushwa hayakutoa maiti za kuhesabika kwa maelfu. Yachore madimbwi, ila kanuni ya barafu iwe ya kiasi. Ukihamia Aspern na Wagram ni kubaya zaidi: Danube yenyewe ilinyooshwa kati ya 1870 na 1875, na Vienna imepanda juu ya uwanja. Kule setilaiti itakupa mto ambao Napoleon hakuuvuka.

Kwa hiyo wewe na mwenzako: yeye amekosea kusema kanuni, wewe umekosea kusema setilaiti. Fanyeni hivi kabla ya mchezo ujao. Jumamosi panda basi uende hadi njia panda, uvae viatu vya tope kama mvua imenyesha. Chukua utepe wa kupimia na kile kipima-usawa cha maji cha mafundi waashi. Pima kutoka uwanda ulioizunguka nguzo ya Gordon hadi kitako chake, pande zote nne, uandike. Kisha simama juu pale, macho yako yakiwa kwenye kimo cha ardhi ya 1815, utazame kusini kuelekea La Belle Alliance na umwambie mwenzako atembee kwenye mteremko huku ameinua mkono. Kila anapopotea machoni, tia alama kwenye karatasi. Nitumie vipimo hivyo vinne na alama hizo, na kontua za katikati nitakuchorea mimi, za mita moja moja.